Hesabu vipande kwanza: kuanza kukusanya vitabu vya roketi za karatasi

SWALI: Nilipokuwa mdogo nilikuwa na kitabu cha karatasi ngumu chenye roketi na wanaanga wa kuchomoa na kuunda. Juzi nimekipata kinachofanana nacho kwenye boksi la vitabu vikuukuu. Kina kurasa sita: nne ni nzima, mbili zimeshachomolewa, yamebaki matundu matupu. Mwaka hauonekani popote. Natamani kuanza kukusanya vitabu vya aina hii vya zamani. Nitajuaje ni vya lini? Nitanunuaje bila kupigwa? Nivitunzeje? Na hizo kurasa mbili za matundu nizitupe? Mwisho, naona aibu kuuliza: je, ni kosa kukiunda?

JIBU: Ndugu msomaji, kurasa za matundu usizitupe. Nitazirudia mwishoni, kwa sababu ni hadithi yenyewe.

Vitabu hivi vina maisha ya ajabu. Kitabu cha hadithi kikisomwa mara mia bado ni kitabu. Cha kuunda kikitumika mara moja kimekwisha: roketi inasimama juu ya meza wiki mbili, inapinda, inakanyagwa, inatupwa, na jalada linaifuata. Mtoto aliyekitumia ipasavyo ndiye aliyekimaliza. Vilivyotufikia vizima vimetufikia kwa bahati tu, mara zawadi ilisahauliwa juu ya kabati, mara duka lilifungwa na mzigo ukabaki stoo. Ndiyo maana kitabu kilichochapishwa kwa wingi na kuuzwa kwa sarafu chache kinaweza leo kuwa kigumu kupatikana kuliko kitabu cha wasomi cha mwaka uleule. Na ndiyo maana mkusanyaji wa vitabu hivi anajifunza kuona kisichokuwepo kabla ya kufurahia kilichopo. Ushauri wangu wote hapa chini unatoka kwenye jambo hilo moja.

Tuelewane kwanza kwenye majina. Kitabu cha kukata kinakupa kurasa zilizochapishwa, mkasi na gundi ni juu yako. Kitabu cha kuchomoa, kama hicho chako, kurasa zake zimepitishwa kwenye mashine yenye visu vya chuma vilivyopindwa kufuata umbo la kila kipande. Visu hukata karibu mzunguko wote lakini huacha vishikizo vidogo sana vinavyozuia kipande kisidondoke. Ukisukuma kwa kidole gumba, vishikizo vinakatika na kipande kinatoka. Wamarekani walivipenda hivi vya kuchomoa na walivitangaza kwa ahadi kwamba huhitaji mkasi wala gundi, maana ulimi wa kipande hiki unaingia kwenye mpasuo wa kile. Majina utakayoyaona mara kwa mara ni Golden Press na Whitman, wote wa ukoo wa kampuni ya Western ya Racine, Wisconsin, pamoja na Saalfield ya Akron, Ohio. Ulaya walikuwa watu wa mkasi zaidi. J. F. Schreiber ya Esslingen, Ujerumani, ni nyumba ya tangu 1831 na karatasi zake za kuunda zimelea vizazi. Poland walikuwa na jarida la Mały Modelarz, Czechoslovakia wakawa na ABC, na yote mawili yalianza 1957, mwaka uleule wa Sputnik, satelaiti ya kwanza. Moscow kulikuwa na nyumba ya vitabu vya watoto iliyoitwa Malysh. Vitabu ambavyo picha husimama zenyewe ukifungua ukurasa, kama vya Vojtěch Kubašta wa Prague, ni binamu wa karibu, lakini vina wakusanyaji wao na ushindani wao, na sitaviingiza hapa.

Sasa tarehe, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo utamu ulipo. Vitabu vingi vya aina hii havina mwaka, au mwaka ulikuwa kwenye ukurasa uliokatwa. Lakini mchoraji wa roketi alikuwa akichora habari za siku zake, na habari za anga zina tarehe kamili. Kanuni ni moja: kitabu hakiwezi kuwa kikongwe kuliko kitu kipya kabisa kilichochorwa ndani yake. Tafuta hicho kitu kipya. Usidanganywe na vile vya zamani vilivyokizunguka.

Kabla ya tarehe 4 Oktoba 1957, siku Sputnik iliporushwa, kila kitu kilikuwa cha kubuni. Roketi ina mapezi makubwa, inatua kwa mkia, na mwanaanga anashuka kwa ngazi ndefu. Kituo cha angani ni gurudumu linalozunguka. Gurudumu hilo lilienea kupitia jarida la Collier's la Marekani kati ya 1952 na 1954, mhandisi wa roketi Wernher von Braun akieleza na Chesley Bonestell na wenzake wakichora. Von Braun alilitaka liwe na kipenyo cha mita 76 hivi. Ukiona tufe dogo lenye antena nne ndefu za kurudi nyuma, umeshavuka Oktoba 1957. Ukiona chombo kidogo chenye umbo la kengele na mtu mmoja ndani, hiyo ni Mercury, chombo cha kwanza cha Marekani cha kubeba mtu angani, na hapo umeshafika 1959 au baadaye.

Kama roketi ni ya Marekani na ina bendera, chukua lenzi uhesabu nyota. Hadi tarehe 3 Julai 1959 zilikuwa 48. Kuanzia siku iliyofuata zikawa 49, kwa mwaka mmoja tu. Tarehe 4 Julai 1960 zikawa 50 na hazijabadilika tena. Kwenye bendera ya ukubwa wa kucha mchoraji aliweza kuweka vidoti ovyo tu, kwa hiyo usiape kwa nyota peke yake. Nembo ya NASA, shirika la anga la Marekani, inasaidia zaidi. Ile ya duara la buluu lenye nyota na mstari mwekundu ni ya 1959. Ile ya herufi nyekundu zilizojipinda kama mnyoo ilitumika kuanzia 1975 hadi 1992, ndipo ile ya duara ikarudishwa.

Ninavyovipenda kuliko vyote ni vitabu vilivyokosea. Gagarin wa Urusi ya Kisovieti, mtu wa kwanza kwenda angani, aliruka tarehe 12 Aprili 1961 na dunia nzima ikalijua jina la chombo chake, Vostok. Umbo lake halikujulikana. Wasovieti walificha sura yake halisi hadi 1965, na ilipoonekana ilikuwa tufe la chuma lililokalia sehemu ya mitambo, halina hata bawa. Kwa miaka minne nzima, basi, wachoraji wa vitabu vya watoto walilazimika kubuni: risasi ya fedha, ndege ya pua ndefu, pipa lenye mapezi. Vostok ya karatasi yenye mabawa ni ushahidi mzuri wa miaka hiyo minne kuliko mwaka uliochapishwa kwenye jalada.

Chombo cha kutua mwezini nacho kinasimulia. Hadi katikati ya 1962 NASA ilikuwa inabishana kama roketi nzima itue mwezini au chombo kidogo kijitenge na kushuka peke yake. Julai mwaka huo ikachaguliwa njia ya pili, na Novemba kampuni ya Grumman ikapewa kazi. Kwa hiyo kitabu chenye chombo kidogo cha miguu kinachoshuka kutoka kwenye chombo mama ni vigumu kiwe cha kabla ya hapo. Na ndani ya hicho chombo kidogo kuna tofauti nyingine. Michoro ya mwanzo ina madirisha makubwa na mlango wa duara. Kile kilichotua Julai 1969 kina vidirisha viwili vya pembetatu na mlango wa pembe nne, kwa sababu iligundulika kwamba mtu mwenye mzigo wa hewa mgongoni hapiti vizuri kwenye duara. Nikiona mlango wa duara kwenye kitabu cha kuchomoa, moyo unaruka.

Kwa vitabu vya karibu zaidi kuna dalili moja rahisi. Tangi kubwa la mafuta la Space Shuttle, chombo cha Marekani cha kwenda angani na kurudi, lilipakwa rangi nyeupe katika safari mbili za kwanza tu, zote za 1981. Kuanzia safari ya tatu, Machi 1982, liliachwa na rangi yake ya machungwa ili kupunguza uzito. Shuttle ya karatasi yenye tangi jeupe ilichorwa kabla au karibu sana na hapo.

Ukimaliza picha, soma maandishi madogo, na usidharau anwani. Niliwahi kununua kitabu ambacho jalada lake lilikuwa na lile gurudumu la von Braun, roketi za mapezi na mwanaanga mwenye kofia ya bakuli. Nilishaandika 1956 kwenye daftari langu, kwa kalamu ya wino, nikijivuna. Miezi kadhaa baadaye nikaona chini kabisa ya jalada la nyuma anwani ya mchapishaji yenye namba tano za posta. Namba hizo zilianza Marekani tarehe 1 Julai 1963. Mchapishaji alikuwa ametumia tena michoro ya zamani, kama walivyofanya wengi, na mimi nilikuwa nimeongeza umri wa kitabu kwa miaka saba. Tangu siku hiyo naandika kwa penseli.

Dalili nyingine za aina hiyo: bei ya Uingereza iliyoandikwa kwa shilingi na peni za zamani ni ya kabla ya 15 Februari 1971, walipobadili sarafu yao. Namba ya ISBN, ile ya kutambulisha kitabu, inaelekeza miaka ya sabini na kuendelea, ingawa Uingereza walikuwa na namba fupi ya tarakimu tisa kuanzia 1967. Msimbopau hauwezi kuwa wa kabla ya katikati ya miaka ya sabini. Vitabu vya Kisovieti vinakurahisishia mno: mwishoni, kwa herufi ndogo, viliandikwa tarehe ya kuidhinishwa kwenda mtamboni, idadi ya nakala na bei. Kama huisomi alfabeti ya Kirusi, tafuta tarakimu tu. Kumbuka pia kwamba rubli, sarafu ya Kisovieti, ilibadilishwa tarehe 1 Januari 1961, kumi za zamani kwa moja mpya, ndiyo maana bei za kabla ya hapo zinaonekana kubwa.

Kuhusu kununua, neno la kuliogopa ni "kamili". Wauzaji wengi hawadanganyi, ila wanahesabu kurasa badala ya vipande. Niliwahi kuuziwa kitabu cha mwezini "kamili, hakijatumika". Kilifika na kurasa zake zote. Nilipoinua ukurasa wa tatu kuelekea dirishani, mwanga ukapita kwenye mistari ya visu kama kwenye pazia lililochanika, na vipande viwili vikanidondokea mapajani. Kuna mtu alikuwa amevichomoa zamani, akavitazama, akavirudisha mahali pake kwa uangalifu. Nikahesabu. Chombo cha mwezini kilikuwa na miguu minne na nyayo tatu. Unyayo wa nne ni duara dogo lisilofika ukubwa wa sarafu, na ndiyo aina ya kipande kinachopotea: nyayo, antena, bendera, ndimi za kiti cha kusimamishia, mtu mmoja kati ya watatu. Roketi kubwa haipotei kamwe.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, muulize muuzaji maswali ya vipande. Vipande ni vingapi, na vina namba hadi ngapi? Namba ziko zote? Mwombe picha ya kila ukurasa, mbele na nyuma, na moja ya ukurasa umeinuliwa kwenye mwanga. Uliza karatasi ya maelekezo iko wapi, maana mara nyingi ilichapishwa ndani ya jalada na jalada liking'oka maelekezo yanakwenda nalo. Uliza kama kuna gundi, penseli au rangi za mtoto. Muuzaji mwaminifu atakujibu hata kama majibu yatampunguzia bei. Anayekwepa anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Na ukishanunua, fungua daftari: ukurasa, namba za vipande, kilichopo, kisichopo, tarehe ulipohesabu. Mali bila daftari huisha bila habari, na kwenye fani hii inaisha hata ukiwa na habari, kwa sababu vipande hujidondokea vyenyewe.

Nakala zilizochapishwa upya ni jambo jingine. Nyingi hazina ubaya, watu wanazitengeneza ili waunde. Tatizo ni pale zinapouzwa kama za zamani. Mfano mashuhuri si kitabu bali karatasi moja: chombo cha kutua mwezini cha kuchomoa kilichogawiwa na vituo vya mafuta vya Gulf nchini Marekani mwaka 1969. Kilipendwa, kikaskaniwa, na sasa nakala zake ziko kila mahali. Kutofautisha si kazi kubwa ukiwa na lenzi ya kukuza mara kumi. Uchapaji wa ofseti wa miaka ile unaonyesha vidoti vya rangi vilivyopangwa kwa mpangilio, vikifanya maua madogo. Printa ya wino ya nyumbani inatawanya vidoti kama mchanga. Printa ya poda inaacha mng'ao kidogo juu ya karatasi. Angalia pia makosa yaliyochapishwa: kivuli cha pini ya katikati, mkunjo au doa ambalo linaonekana kwa macho lakini kidole hakilisikii. Kisha pitisha ncha ya kidole kwenye mstari wa kipande. Kisu cha chuma kilibonyeza karatasi upande mmoja na kuinua ukingo mwembamba upande wa pili. Mstari uliochapishwa tu ni laini pande zote mbili. Wengine watakuambia utumie taa ya miale ya urujuanimno, kwa vile karatasi yenye dawa ya kung'arisha weupe huwaka buluu chini yake. Ni kweli kwa karatasi ya kabla ya vita vya pili, ambayo haipaswi kuwaka. Vitabu vyetu vingi ni vya baada ya dawa hiyo kuenea, kwa hiyo taa haitakuamulia kesi.

Swali la kipi ukitafute halina jibu la mtaalamu, lakini nitakuambia ninachofanya mimi. Kila anayeanza anakimbilia Apollo 11, safari ya kwanza iliyofikisha watu mwezini, na mwaka 1969 kila mchapishaji naye alikimbilia hukohuko, kwa hiyo vitabu vya safari ile si adimu kama bei zinavyotaka uamini. Isitoshe unashindana na wakusanyaji wa vitu vya anga, watu ambao hawajali karatasi hata kidogo lakini wana mifuko mirefu. Mimi ninatafuta vya 1958 hadi 1964, vile vyenye Vostok ya mabawa na mlango wa duara. Vimechoka zaidi, vichafu zaidi, na ndani yake kuna watu waliokuwa wanakisia kesho.

Utunzaji. Adui mkubwa wa karatasi ile yuko ndani yake. Ilitengenezwa kwa mbao zilizosagwa pamoja na lignini yake, yaani kile kinachoshikanisha nyuzi za mti, ikapakwa dawa za kuzuia wino usisambae ambazo baada ya miaka huzaa asidi. Ndiyo maana inageuka rangi ya chai na kukatika ukiikunja. Huwezi kuirudisha nyuma nyumbani, unaweza kuichelewesha. Joto, unyevu na mwanga ndivyo vinavyoiharakisha. Tafuta mahali pakavu, pa giza, pasipobadilika sana, karibu nyuzi 18 hadi 20 kama unaweza, na unyevu kati ya asilimia 35 na 50. Kutobadilika ni muhimu kuliko kupata namba kamili, kwa sababu karatasi inayotanuka na kusinyaa kila siku ndiyo inayokata vishikizo vyake yenyewe.

Kitabu cha kuchomoa hakisimamishwi rafuni. Kilaze. Kikisimama, uzito wa vipande unavuta vishikizo kwenda chini mwaka hadi mwaka, na siku moja utafungua ukute roketi imelala chini ya ukurasa wake. Kati ya kurasa weka karatasi laini isiyo na asidi. Ukifungua, usiinue ukurasa kwa kona. Ingiza karatasi ngumu chini yake na ugeuze vyote viwili pamoja, kwa mikono miwili, kama unavyogeuza chapati ambayo haijashikana. Mfuko wa plastiki uwe wa poliesta, polipropilini au polithini. Ile laini yenye harufu kali ya plastiki mpya, PVC, iweke mbali kabisa: baada ya muda inatoa mafuta yake na kunyonya wino, nawe utakuta mwanaanga amehamia kwenye mfuko. Vipande vilivyokwisha kuchomoka viweke kwenye bahasha ya karatasi isiyo na asidi, uandike namba yake kwa penseli kabla hujaingiza kitu ndani. Poliesta ina umeme tuli, inarusha vipande vidogo ukiifungua.

Selotepu, hapana. Najua kipande kinaning'inia kwa kishikizo kimoja na kijisehemu cha selotepu kwa nyuma kinaonekana huruma tupu. Gundi yake itakuwa ya manjano, kisha ya kahawia, kisha itapenya hadi mbele, na plastiki yake itadondoka ikiacha doa. Bora kipande kichomoke chenyewe kikae kwenye bahasha. Kama lazima kishikwe, mafundi wa karatasi hutumia ukanda wa karatasi nyembamba ya Kijapani na uji wa wanga wa ngano, kwa nyuma, na kazi hiyo inaweza kubanduliwa kwa maji kidogo. Jizoeze kwenye gazeti kuukuu kwanza. Pini za katikati zikiwa zimeota kutu, usizing'oe kwa hamaki. Ingiza kijikaratasi kati ya pini na ukurasa, uzitoe tu kama kutu inasambaa.

Sasa aibu yako. Si kosa kutaka kuunda. Kitabu kilitengenezwa kwa ajili hiyo na ni wewe tu unayeona ajabu. Ila chako hicho usikichomoe. Skani kurasa zake kwa nukta 300 kwa inchi, au 600 kama kuna maandishi madogo, ukiweka kitabu wazi bila kukikandamiza mgongo, au kipige picha kutoka juu kama mgongo umechoka. Chapisha kwenye karatasi ya gramu 160 hadi 200 kwa mita ya mraba. Nyembamba zaidi ya hapo itanyauka kwenye gundi, nene zaidi itavunjika kwenye mviringo. Tumia nakala hizo mwenyewe na usiziuze. Vingi vya vitabu hivi bado vina wenye haki. Wakati wa kuunda, pitisha kwanza mgongo wa kisu kwenye kila mstari wa kukunja ukiwa umeweka rula. Kata matundu ya ndani kabla ya umbo la nje, la sivyo hutakuwa na pa kushikia. Bomba la roketi usilipinde kwa vidole: livute juu ya ukingo wa meza taratibu mara tatu au nne, utaona karatasi inaanza kujikunja yenyewe, kisha ndiyo upake gundi nyeupe kwa kijiti, kidogo sana, na ushike kwa muda wa kuhesabu hadi thelathini. Pua ya koni ndiyo humtesa kila mtu. Iunge kuanzia chini kuelekea ncha, maana kosa la nusu milimita kwenye ncha linafichika, na lilelile likisogezwa chini linaonekana kutoka mlangoni.

Nirudi kwenye kurasa zako mbili za matundu. Weka karatasi nyeusi chini ya kila moja, uskani. Kila tundu ni umbo kamili la kipande kisichokuwepo, pamoja na ndimi zake. Tazama kingo kwa lenzi: wachapaji walizoea kupitisha rangi nje kidogo ya mstari wa kisu, kwa hiyo tundu lina utepe wa rangi unaokuambia kipande kilikuwa chekundu au fedha. Mara nyingi namba yake na hata jina lake vimeandikwa pembeni, kwenye sehemu iliyobaki. Ukiunganisha na maelekezo ya jalada, unaweza kuchora upya kila kilichopotea na kuunda roketi yako nzima. Andika tu "nakala" kwa penseli nyuma ya kila ulichochora. Fremu zenyewe, yaani kurasa hizo za matundu, zirudishe kitabuni mahali pake. Siku moja utakutana na mfuko wa vipande vilivyolegea, wauzaji huwa navyo na hawajui vya nini. Usiende na orodha, nenda na fremu zako. Laza kipande kwenye tundu. Kipande cha nakala nyingine ya toleo hilohilo kitaingia sawasawa, maana visu vilikuwa vilevile, lakini kwenye lenzi nyuzi za karatasi pale vishikizo vilipokatikia hazitalingana. Zikilingana, uzi kwa uzi, hicho kilitoka kwenye kitabu chako.